Maji ya Fuko Yaliyoangusha Ukuta wa Bibi

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa maktaba ya shule, maana nyumbani siwezi kuandika jambo hili bila mtu kuniona, naomba unisikilize mpaka mwisho.

Shamba letu la viazi vitamu limevamiwa na fuko, unaona shina limesimama vizuri, ukilivuta linakuja tupu, viazi vyote vimeliwa chini kwa chini. Kila baba aliponikuta na kitabu aliniambia, "Profesa, hivyo vitabu na fuko wangu tofauti ni nini? Wote wanakula tu," ndugu zangu wakacheka, nami nikainamisha kichwa kama kawaida yangu. Basi nikaazima kitabu cha kilimo, nikasoma kwamba fuko hufukuzwa kwa kujaza maji kwenye njia zake, na siku baba alipokwenda mkutano wa wakulima nikafukua njia moja, nikageuza mfereji wa kumwagilia shamba ukaingia humo mchana kutwa. Maji yalizama bila kutokea popote, nikafurahi nikidhani fuko wanakufa, jioni nikafukia.

Siku ya tatu ukuta wa jiko la bibi, lililo chini kidogo ya shamba, ulititia, ukapasuka, ukaanguka. Bibi alikuwa ametoka kuchukua kuni, la sivyo sijui leo ningeandika nini. Jiko hilo alilijenga shemeji, mume wa dada yangu, ambaye ni fundi mwashi. Baba alimfokea mbele ya majirani, "Umemjengea mama yangu kaburi!" Shemeji akapiga magoti akipekua msingi kwa mikono, akisema, "Mzee, msingi niliuchimba vizuri, naapa. Huu udongo umelowa, maji yametoka wapi?" Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, nikanyamaza.

Sasa wote waliompa kazi wamemwachisha, dada ameamriwa na baba arudi nyumbani kwetu na amerudi, namsikia akilia chumba cha pili, na baba, ambaye hajawahi kunisifu, anawaambia watu, "Afadhali huyu msomi wangu kuliko yule fundi uchwara." Nilipofungua tena kile kitabu, ukurasa unaofuata ule niliousoma umeandikwa wazi kwamba njia hiyo isitumike karibu na jengo. Sikuwa nimeufunua. Fuko bado wapo. Naogopa hasira ya baba, nifanye nini?

Profesa

*

Marahaba, mwanangu.

Nakuonea huruma, lakini huruma yangu haimrudishii mtu kazi. Kosa la mfereji ni la mtoto aliyetaka kusaidia, na nilikuwa nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma. Kumtazama mtu aliyepiga magoti akiuliza swali ambalo jibu lake unalo, ukafunga mdomo, hilo ni jambo jingine, na unalirudia kila asubuhi unapoamka. Tena usinidanganye. Hasira ya baba yako umeizoea tangu utoto. Unachoogopa ni sifa zikome, na sifa hizo ni mali ya wizi, umezitoa mgongoni mwa shemeji yako.

Leo hii mwambie dada kwanza, maana ndiye anayelia. Kisha mfuateni baba pamoja. Usitegemee maneno, mtu mwenye hasira hasikii. Chukua jembe, fukua pale ulipoingiza maji, uifuate njia ya fuko kuelekea jikoni huku baba anaangalia. Akishaona kwa macho yake, awaite majirani wale wale. Aliyefokewa hadharani asafishwe hadharani. Ukuta utajengwa upya, na wewe ndiye utakayebeba matofali.

Kuhusu fuko, maji basi, na sumu usiiguse. Toboa njia yao mahali pamoja. Fuko hapendi upepo uingie, atarudi kuziba, na hapo hapo umtegee kitanzi. Ni kazi ya kila siku, haina njia ya mkato, na itakuwa yako.

Siwezi kukuahidi kwamba dada atapokelewa tena kwa mumewe. Umechelewa, na huenda mlango huo umefungwa. Lakini kwa shemeji utakwenda hata hivyo. Usimpelekee barua, najua unaandika vizuri. Simama mbele yake useme, "Shemeji, yale maji niliyaingiza mimi." Kisha msikilize mpaka amalize, hata akikutukana.