Jiwe la Mama Katika Pikapu Yako

Gereji ya Shamba la Chai,
S.L.P. 41, Kericho.
14 Agosti 1971

Mpendwa mdogo wangu Orina,

Pokea salamu kutoka huku kwenye ukungu na mvua ya kila alasiri. Hujambo? Joto la Mombasa halijakumaliza? Sisi wazima, na mahindi yamebeba vizuri. Kibovu huku ni kimoja tu, shemeji yetu Alfayo, uliyemwachia pikapu yako kwa sababu ana kofia ya dereva.

Mwezi jana nilikwenda Chepilat kumjulia Mama hali. Jumapili Alfayo akatupeleka kanisani. Kila mteremko alipampu breki mara tatu, nne, ndipo gari likakubali kupunguza mwendo. Anasema huo ndio utaalamu.

Baada ya ibada nilimwambia breki zinavuja ndani. Akanicheka mbele ya wazee wa kanisa. "Angalia chini ya gari. Iko mafuta? Hakuna. Kopo ya mafuta ya breki pia imejaa. Sasa inavuja kwa roho?" Debe tupu haliachi kuvuma.

Kesho yake nilikanyaga pedali polepole nikaushikilia mguu hapo. Ikazama taratibu mpaka sakafuni, na chini hapakuwa na tone. Nikazibana paipu za raba zinazopeleka mafuta magurudumuni, ikazama vilevile. Hata mtoto wa darasa la nne angeelewa kwamba kosa haliko kwenye magurudumu, liko kwenye masta silinda, pale pedali inaposukumia mafuta. Raba za ndani zimekufa, mafuta yanazipita na kurudi koponi, ndiyo maana kopo halipungui. Nilipofungua, nilikuta raba zimevimba kama mandazi. Bingwa wako alikuwa ametia mafuta ya injini badala ya ya breki. Kwake mafuta ni mafuta.

Ujinga huo ningeusamehe. Lililoniuma ni jiwe. Mama hukaa mbele na jiwe miguuni, limefungwa kwenye kitambaa, na gari likikaribia kusimama yeye hushuka mbio kulitia chini ya gurudumu. Kwa umri ule, Orina! Alfayo amemfanya mama yetu tanboi, utingo wake, na Mama alidhani kila gari lina jiwe lake.

Nimetia raba mpya na mafuta yanayostahili. Pedali sasa inasimama imara. Alfayo anawaambia watu kwamba ni yeye aliyegundua.

Jumapili iliyofuata nilishika usukani mwenyewe. Mama akapanda na jiwe lake. Nikamwambia breki ziko sawa. Akanijibu, "Hata Alfayo alikuwa anasema hivyo." Nikawasha gari. Anasema atalitupa siku utakayomwendesha wewe, mwenye gari.

Msalimie Nyatichi na watoto. Dada yetu Bosibori anakusalimu, mumewe sijamuuliza. Mungu akulinde, akulete nyumbani Desemba. Mama bado anapanda na jiwe.

Mimi kaka yako nikupendaye, ingawa umenikasirisha,
Nyaberi