Mzee Idi, Bangili ya Mkeo Imeuzwa

Mzee Idi, fundi wangu,

Nakuandikia nikiwa na wivu, na heri nikiri mapema, maana hata ulipokuwa hai sikuweza kukuficha uso wangu ukinuna.

Tangu tukuzike, dalali wa mali za marehemu haji tena dukani kwetu hapa Majengo. Zamani angeleta mkufu wa marehemu wa kule Muthara ndani ya leso, akae, anywe chai yako, angoje tupime dhahabu kwa kuisugua kwenye jiwe na kudondosha tindikali. Sasa ana Nkatha. Huyo msichana ana simu yenye AI, ile akili ya kompyuta. Anapiga pete picha, simu inamwandikia orodha ya mnada: madini, karati, umri, mpaka maneno matamu ya kumvutia mnunuzi. Pete ishirini kabla chai haijapoa! Mimi ulinifundisha miaka tisa, Mzee. Miaka tisa ya kuungua vidole. Na watu wanamwita yeye fundi. Siku niliposikia hivyo, chakula kilinishinda.

Kibaya zaidi, hakuwa anakosea. Nilienda kanisani Kianjai nikaomba akosee, Mungu anisamehe.

Basi akakosea. Tena kwa vitu vyako.

Watoto wako walikubaliana mapambo ya mama yao yauzwe, wagawane. Nkatha akaipiga picha bangili ya Mama Rukia, simu ikasoma muhuri ulioupiga wewe mwenyewe, ikaandika: dhahabu, karati ishirini na mbili. Nilicheka moyoni. Si uliniambia ukiwa mgonjwa? "Ile ni shaba, Kanana. Niliichovya tu kwenye dhahabu. Sikuwa na kitu, na nilitaka anikubali." Mama alifariki hajui.

Nilienda mnadani na jiwe letu mkobani. Mstari mmoja tu wa bangili juu ya jiwe mbele ya watu, na Nkatha kwisha. Nilikuwa nimeshasimama. Ndipo binti yako Hadija akaishika ile bangili, akasema huku machozi yanamtoka, "Baba hakuwa na ata viatu, lakini alimvalisha mama yetu dhahabu."

Nikakaa.

Halafu mwalimu mmoja kutoka Embu akaanza kuitaka, maskini, anunue shaba kwa bei ya dhahabu. Ningefanya nini? Nikainua mkono. Akapandisha, nikapandisha, mpaka akachoka. Akiba yangu ya kununua mashine ya kung'arishia ikaenda yote.

Nkatha alinikumbatia mbele ya kila mtu. "Umeona, Kanana? Ata wewe umeamini AI!" Watu wakapiga makofi. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Sasa dalali anatangaza kila mahali kwamba hata mwanafunzi wa Mzee Idi ananunua kwa neno la ile simu.

Nakulaumu, Mzee. Nakulaumu na nakukosa, vyote kwa pamoja, na sijui kipi kinaniliza ninapoandika haya. Ulimdanganya mkeo maisha yote, na mimi ndiye nimelipa. Lakini nilimwona Hadija alivyoondoka pale, kichwa juu.

Kwaheri, fundi wangu. Pumzika. Bangili sitaiuza wala kuipima mbele ya mtu, na Hadija hatasikia neno kutoka kwangu mpaka na mimi nizikwe. Hiyo ni ahadi.

Ila ya kumpenda Nkatha, usiningojee.

Kanana