Roboti Niliyembadilishia Maneno

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mama anakula, na tangu juzi ameanza tena kunigombeza kuhusu nywele zangu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Umeandika ukimshukuru daktari kwa kumshawishi mama akubali mashine ya oksijeni. Dada, daktari alikuwa ameshanyoosha mikono. Ngoja nikueleze, maana jambo hili limenikaa rohoni.

Unaijua kazi yangu. Filamu ya kigeni ikija, najifungia kwenye kile chumba chenye magodoro ukutani, nawasemea wote kwa Kiswahili, mzee, bibi harusi, hata roboti. Mama huitazama kabla ya wateja. Miaka yote hadithi ni ile ile: mashine inakuja kwa upole, inasaidia watu, kisha inakausha mito na kuwatawala. Nami, kwa kupenda sifa, nilitia chumvi kwa kijiko kikubwa.

Basi mashine ilipowashwa kando ya kitanda, mama alichomoa mirija puani akaitupa sakafuni. Daktari alidhani ni ukaidi. Mimi mama alininong'oneza kwamba mashine zote huanza hivyo, kwa upole. Siku tatu alikataa, midomo ikabadilika rangi. Niliogopa sana, dada. Woga ule nilimtia mimi.

Nikaingia kazini na filamu mpya. Roboti mkubwa anang'oa msitu. Nikasema anahamisha miti kuipeleka penye maji. Anamfunga binti mirija usoni. Nikasema anamkopesha pumzi mpaka miti iote. Mwisho wa filamu, watu wanapomvunja, nikaukata. Nikiwa katikati ya uongo huo nilianza kuuamini. Mashine ya mama inavuta hewa hii hii ya dirishani, iliyopita kwenye majani ya jirani, inaichuja na kumpa. Na katika filamu zote nilizozisemea kuna mtu aliyemtuma roboti, ila sikuwahi kumpa maneno mengi.

Mama aliitazama akiwa kitandani. Ilipokwisha, akanyoosha mkono akaomba mirija yake. Nilitoka nje nikalia.

Jana, nikimbadilishia maji kwenye chupa ya mashine, nilishindwa kuvumilia, nikakiri kwamba nilimdanganya. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema yanayomuuma ni mapafu, si macho. Miti aliiona ikianguka. Ila hakuwahi kusikia roboti anayesema huku anazuia kilio, tena kwa sauti ya mwanawe, na aliona heri avae mirija kuliko kuisikia sauti ile ikiendelea.

Nisamehe kwa kukuficha. Msalimie shemeji, na watoto wabusu kila mmoja. Mama anakusalimu sana, anasema uje upesi, anapumua.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kasuku