Wamesema Nyonga ya Mama Imefaulu

Kismayo, Jumanne. Joto, hakuna hata upepo wa kutikisa pazia. Nina hasira tangu saa nne asubuhi na haijapungua.

Leo nimempeleka Mama kliniki. Miaka miwili iliyopita aliteleza uani akichukua udhu, akavunjika nyonga. Tulimpeleka hospitali Mombasa, madaktari wakamtoa kichwa cha mfupa wa paja na kumwekea cha chuma. Nusu ya nyonga, walisema, kwa kuwa mzee hahimili kubadilishwa yote.

Daktari wa leo ni kijana. Ameinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akatabasamu.

"Chuma kimekaa vizuri. Operesheni imefaulu."

Imefaulu kwa nani? Mama alizaliwa kisiwani Chula, amelea watoto saba, na leo hawezi kutoka kitandani hadi chooni bila mimi. Daktari ameitazama picha. Mama mwenyewe hakumtazama.

Nikamwambia hivyo, kwa sauti ambayo sikupenda kuisikia. Akatupeleka chumba cha pili, kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo. Huyo hakushika picha. Alishika mapaja ya Mama, yamebaki ngozi na mfupa.

"Aliacha kutembea lini?"

"Hawezi," nikajibu.

"Naweza," Mama akasema. "Huyu hunizuia."

Nimetamani sakafu inimeze.

Acha niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Aliporudi kutoka Mombasa, Mama alikuwa akitembea na fremu yake ya kutembelea hadi mlangoni. Siku moja akayumba. Hakuanguka, aliyumba tu. Nikaichukua fremu nikaificha nyuma ya kabati. Kaa, Mama, nitakuletea. Chai nililetea, maji nililetea, beseni nililetea. Majirani wakanisifu kwamba nina radhi ya mama.

Nilikuwa namfunga.

Yule mama wa mazoezi hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Amesema mzee dhaifu akikalishwa, misuli huisha upesi kuliko tunavyodhani, na chuma hakitembei chenyewe. Hawezi kuahidi kitu. Kilichopotea huenda kisirudi chote. Mungu akijaalia, Mama atafika chooni mwenyewe.

Nawakasirikia wa Mombasa walionipa karatasi ya mazoezi kwa Kiingereza, kana kwamba kila anayeuguza anakijua. Namkasirikia kaka yangu aliye Ulaya, anayepiga simu kila Ijumaa kuuliza kama Mama anakula, basi. Lakini karatasi ile ningeweza kumpa mtu anisomee. Sikumpa.

Tukarudi kwa bajaji. Tulipofika nikaanza kuandaa maji ya kumwosha, akanishika mkono.

"Anayeoshwa na wenziwe ni maiti," akasema kwa lafudhi yake ya Chula. "Mimi mchu hai."

Nimekaa chini nikalia, naye akaniacha nilie.

Baada ya alasiri nimeitoa fremu, nikaipangusa vumbi. Mara ya tatu ndipo Mama akainuka. Hatua nne. Alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka, na uso umekunjamana kwa maumivu. Nikanyoosha mikono, akasema, "Toka." Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kumbeba.

Amekaa, akahema, akaomba chai. Hakuniambia nimekosa. Hakuniambia amenisamehe pia.

Miaka miwili ya miguu yake nimeimaliza mimi, kwa mapenzi. Sijui hilo linaombewaje msamaha.

Asubuhi tutajaribu hatua tano. Nikiogopa, nitaogopa nikiwa nimesimama kando.