Nimeuosha Ukungu Anaoutafuta Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nami nakusihi usinicheke kabla hujafika mwisho, maana mambo yangu ukiyaona kwa mbali yanachekesha lakini ukiyasogelea yanauma. Mimi ni fundi viatu, nina kibanda changu cha kushona na kubadilisha soli, na mke wangu ni mtafiti wa maabara, yeye ana shahada na mimi nina mikono, na hatujawahi kugombania hilo hata siku moja, jioni kila mmoja anarudi ananuka kazi yake, mimi gundi yeye spiriti, tunacheka, tunakula, maisha yanakwenda.

Kazi yake ni kuvu, mama, ndiyo, ukungu huu huu unaoota kwenye mkate, na alivyonieleza ni kwamba baadhi ya kuvu hutoa kitu kinaitwa kimeng'enya, nacho kinavunjavunja kirutubisho fulani kilichomo kwenye damu, sasa seli zetu nzima zikikikosa zinajitengenezea zenyewe, lakini seli za aina moja ya saratani ya damu hazijui kujipikia, zinangoja kuletewa, kwa hiyo zikikosa zinakufa njaa. Dawa ya namna hiyo ipo tayari hospitalini, inatokana na bakteria, na ni mojawapo ya dawa zilizomponya binti wa dada yake, mzima kabisa sasa na mdomo kama cherehani, ila ilimvimbisha uso mpaka macho yakafumba, madaktari wakaisimamisha wakambadilishia, na tangu siku hiyo mke wangu amejiapiza kutafuta ya kuvu, kwamba pengine mwili utaipokea kwa upole zaidi.

Basi msimu wa mvua kibanda changu kikalowa, ngozi zikaanza kuota, na siku moja mke wangu kaniletea chakula akaona buti moja limejaa ukungu wa kijani, mimi kwa aibu nikachukua kitambaa nilifute, akanidaka mkono kama vile nataka kumchinja mtoto, akasema, "Baba watoto, usiliguse!" akakata kipande kidogo cha bitana ya ndani akaondoka nacho, chakula kakisahau mkononi, nikashinda na njaa. Miezi ikapita, jioni moja akaingia mbio, kimeng'enya cha ukungu wangu kimewashinda wenzake wote aliowahi kuwapima, seli za saratani kwenye kisahani zimekwisha, tukacheza jikoni mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

Ugomvi ukaja alipoanza kuandika ripoti yake, kwa sababu lazima aseme kuvu hii imetoka wapi, na yeye kaandika waziwazi, buti lenye ukungu, karakana ya fundi viatu, nami nikaona biashara yangu imekufa, maana ng'ambo ya barabara kuna muuza viatu vya plastiki ambaye ulimi wake hauna breki, angesema kwangu viatu vinaingia vikiwa videvu wazi vinatoka na ndevu, nikamwambia mke wangu, "Andika gogo la mti, msituni, nani atakwenda kuuliza gogo?" Akanijibu, "Nikidanganya hapo, nani ataniamini kwingine?" Nikalala nimemgeuzia mgongo, na kesho yake kwa hasira nikaosha kibanda chote kwa klorini, nikachoma vipande vyote vya ngozi, nikapaka na rangi ukutani.

Mama, wiki haikuisha utitiri ukaingia maabara, wale wadudu wadogo wasioonekana, wakatembea kisahani hadi kisahani wakibeba ukungu wa huku wakipeleka kule, kila kitu kikachanganyika, na zile kuvu za akiba alizokuwa amezigandisha zilipotolewa hazikuamka. Mke wangu akaja kibandani macho mekundu akaniuliza, "Yale mabuti bado yapo?" nami, sijui ulimi ulinitelezaje, nikasema, "Nilitupa kila kitu." Akaketi kwenye kigoda cha wateja, hakunilaumu, akasema tu, "Hukujua," na neno hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu mabuti yapo, niliyafunga kwenye mfuko kabla ya klorini ili rangi isichubuke, ni ya mteja, mpiga tarumbeta wa bendi aliyeyaacha kwangu tangu mvua zile, na juzi nimefungua nikakuta ukungu umestawi kama bustani, na mwenyewe kanipigia kwamba anayafuata Ijumaa, anayataka yakiwaka. Nikiyang'arisha nimpe, siri imezikwa, nikimpa mke wangu, atajua nimemtazama akilia nikamdanganya. Nifanyeje?

Ni mimi, fundi niliyejipigilia msumari kidoleni.

*

Fundi, pole, na nimecheka. Vyote viwili.

Barua yako ilinifikia Jumatano, na safu hii hutoka Jumapili. Ningekujibu gazetini, mabuti yangekuwa jukwaani yanapiga mguu. Ndiyo maana nilikupigia simu, kisha nikaikalia barua hii mpaka nijue mwisho wake. Umeniruhusu kuwasimulia wasomaji, nami nawasimulia bila kukupaka mafuta.

Nilikuuliza, "Mabuti yako wapi?" Ukasema, "Chini ya cherehani."

"Mkeo?"

"Kazini."

"Umemwomba mwenye mabuti?" Ukauliza, "Mwenye?" Umeona? Ulikuwa unapima kama uyang'arishe au uyatoe, wala hukukumbuka kwamba si yako. Nikakwambia umpigie mpiga tarumbeta kwanza, umweleze yote bila kupunguza, halafu ubebe mfuko uende. Ukaanza kunitajia jirani wa plastiki, nikakata simu. Kukatiwa simu nako ni ushauri.

Mpiga tarumbeta, Mungu ampe pumzi ndefu, alikusikiliza mpaka mwisho akasema, "Fundi, kama viatu vyangu vina vita na saratani, viache vipigane. Mimi tarumbeta nalipiga kwa mdomo." Ijumaa alipanda jukwaani na kandambili. Hakuna aliyerudishiwa kiingilio.

Ukafika mlangoni mwa maabara. Hotuba uliyoipanga njia nzima ikayeyuka, ukasema tu, "Nilikudanganya. Haya hapa." Mkeo akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akakutazama, akasema, "Tutaongea nyumbani," akafunga mlango. Na nyumbani mliongea, au tuseme aliongea, mpaka chai ikapoa. Ulistahili. Mwanamke kapoteza kazi ya miezi, nawe umekaa juu ya dawa ya machozi yake kwa sababu ya jirani! Unamwogopa muuza kandambili kuliko unavyomwonea huruma mama watoto wako?

Lakini hukuyang'arisha, fundi. Mfuko ule ulikaa karibu na kitambaa na rangi, nawe ukachukua kalamu ukaniandikia mimi. Hilo nimelipima, nalo nimekuandikia upande wako.

Sasa habari njema wasomaji wanaisubiri: ukungu umeota upya kwenye visahani visafi, umepimwa, na kimeng'enya ni kile kile, kinafanya kazi ile ile. Mkeo ameugawa, fungu moja liko maabara nyingine kabisa, utitiri uje utafute pa kupita.

Nanyi mnaonisoma huku mkichungulia chini ya vitanda vyenu, ngojeni. Nilimuuliza mtafiti mwenyewe. Amesema kuua seli kwenye kisahani ni hatua ya mwanzo, kuna kukisafisha kimeng'enya, kuna kupima kwa wanyama, kisha kwa watu, miaka na miaka, na dawa nyingi za aina hii huishia njiani. Ukungu haulambwi, hauchemshwi, hausagwi. Mwenye mgonjwa amshike mkono ampeleke hospitali, anywe dawa zilizopo.

Turudi kwako. Ripoti iandikwe kama ilivyo, karakana ya fundi viatu, na uisome kwa sauti mbele ya wateja. Ngozi ya mtu yeyote ikilowa ikafungiwa huota. Si uchafu wako, ni mvua. Toboa dirisha upande wa pili hewa ipite, anika viatu kabla ya kuvipanga, na jirani akikutania mtanie pia, utani haujawahi kufunga duka la fundi mzuri. Mpiga tarumbeta mshonee mabuti mapya, mazuri kuliko yale, na usimpe bei.

Mwisho, na hili ndilo kubwa. Pale mlangoni ulikiri kwa mkeo kwamba ulidanganya, ukatoa mabuti. Kwa lile alilokwambia kwenye kigoda, kwamba hukujua, nawe ukamwacha aamini hivyo, bado hujamwomba radhi. Mwombe leo, mkiwa wawili, bila mzaha wako wa fundi. Kisha funga mdomo, na hata akinyamaza muda mrefu, usiinuke.