Kambale Yupi

Jumatatu, 7 Oktoba 2002. Butembo
Mvua tangu alfajiri. Nimekaa tena kwenye kona ya soko, kibarazani mwa duka la mabati, nahesabu. Pikipiki, baiskeli, chukudu za mbao za kusukumwa zenye magunia ya mihogo, malori ya kutoka mpakani. Saa moja hadi saa sita, kila chombo mstari mmoja. Watu wamenizoea kama walivyozoea tope. Wananiita Mukasai, mtu wa Kasai. Nilitumwa kutoka Kananga kufundisha jiografia chuoni mwaka mmoja tu. Vita vikafunga njia nyuma yangu, na huu ni wa nne. Mke wangu yuko upande wa pili. Barua hazipiti.

Hesabu hii ndiyo inayonishikilia. Jumamosi ya tarehe 19 wafanyabiashara wataamua barabara ipi waipasue kwa tingatinga lao, maana hapa serikali haipo. Wamekubali kunisikiliza.

Jumanne, 8 Oktoba
GPS ya chuo nimempa Kambale, dereva wa pikipiki wa pakingi ya soko, kituo wanapongojea abiria. Ni ndogo kama kopo la sadini, inashika setilaiti na kuchora kila njia inapopita. Madereva wameibeba wiki sita, kila mmoja siku yake. Njia zote bado zimo humo humo. Jenereta haina mafuta, sijahamishia hata moja kwenye kompyuta. Uzembe wangu.

Jumatano, 9 Oktoba
Kambale hakurudi.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nilikwenda pakingi nikamuulizia Kambale. Wanaume saba wakanyanyua mkono.

“Mwalimu, Kambale gani? Ba Kambale beko bengi.”

Wakacheka. Kwa Wanande, wenyeji wa hapa, mtoto wa pili wa kiume ndiye Kambale, nyumba baada ya nyumba. Nalijua hilo. Na bado daftarini niliandika Kambale, basi. Hasira ikanipanda. Nikasema mbele ya wote kwamba ni mwizi. Papa Kasereka, mkubwa wa pakingi, hakucheka tena. Amemfuta kwenye zamu. Asipokuwa na zamu hapati abiria.

Jumapili, 13 Oktoba
Misa. Benchi la nyuma, peke yangu. Barabara ya Beni imeharibika, wanasema, risasi upande wa Oicha. Wanawake wameingia mjini na magodoro kichwani. Mimi nawaza kifaa. Naliandika hili ili nilione: watu wanakimbia, mimi nawaza kifaa.

Jumanne, 15 Oktoba
Mke wa Kambale alikuja chuoni. Anaitwa Masika. Nilimpa kiti, hakukaa.

“Bwana yangu alipata client wa Oicha mardi ile ulimupatia machine. Hajarudia. Ye hapana mwizi, mwalimu. Uende useme ku parking.”

Sikwenda. Nilijiambia nina kazi. Ilikuwa aibu.

Alhamisi, 17 Oktoba
Nina madaftari ya kona moja. Njia sina. Kesho kutwa nitasimama mbele ya watu wazito na kona moja.

Ijumaa, 18 Oktoba
Amerudi.

Kwa miguu kutoka Oicha. Miguu imevimba. Amesimama mlangoni kwangu kabla ya kufika kwake, mkononi kifurushi cha unga wa mihogo.

“Basoda balikamata moto na biatu. Iyi machine yako niliificha mu bunga.”

Askari walimnyang'anya pikipiki na viatu, kifaa kimo ndani ya unga. Nilimpa chai. Kisha tukaenda pakingi, nikasema mbele ya walewale kwamba nimemsingizia. Papa Kasereka alifungua orodha yake. Amemrudishia zamu. Zamu anayo, pikipiki hana.

Nimetia betri mpya. Wiki sita zote zipo. Mstari wake unatoka mjini, unapita Beni, unafika Oicha, unaacha barabara na kuzunguka mashamba ya kakao. Halafu unakatika. Betri ziliishia hapo. Yeye aliendelea.

Jumamosi, 19 Oktoba
Walisikiliza. Maswali mawili. Wataipasua barabara ya nyuma ya soko, ile ambayo pikipiki zenyewe zimeichagua. Nilitaka kumwambia mtu. Nikapika maharagwe.

Jumapili, 20 Oktoba
Baada ya misa nilipeleka daftari pakingi, niandike majina yote kamili. Ilichukua muda, kila mtu alitaka kuona lake limeandikwaje. Kambale wangu alikuwa kwenye benchi akingoja pikipiki ya kuazima. Anaitwa Kambale Jérôme Syahera. Nikaandika. Akaniuliza:

“Na weye, jina yako njo nani?”

Miaka minne mjini hapa, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikamwambia: Tshibangu Gaston. Akalirudia polepole, mara mbili, akasogea kunipisha kwenye benchi. Nikakaa hadi mchana. Pikipiki zilipita. Sikuhesabu.