Baba Muhiddin, Ushahidi Wako Huu Hapa

Mwaka umekatika, Baba, tangu ulale moja kwa moja kwenye kitanda cha hospitali, askari magereza kakaa mlangoni utadhani ungetoroka. Wewe ambaye kupanda ngazi tu za stoo ulikuwa unapumzika mara mbili.

Duka bado tunafungua, Mtaa wa Sikukuu, palepale. Mama ndo anapima vitambaa siku hizi, na ile tabia yako ya kumuongezea mteja vidole vinne juu ya mita zake kaishika, wakati zamani alikuwa anakugombeza kwa hiyohiyo. Wateja wanakuulizia. Wengine hawaulizi, wanavuka wanapita upande wa pili. Hao ndo wametufanya tuandike.

Ulikuwa mtu wa maneno, Baba, tusidanganyane. Gazeti ulisoma kwa sauti mtaa mzima usikie. Udiwani uligombea kwa upinzani mara mbili ukaanguka, ya tatu ukapata, ukamwambia Mama, "Wamechoka kuniona kwenye mabango."

Na Dada Evarista, muuza korosho wa hapo barazani kwetu, lisaa halikuisha hamjachokozana.

"Mwarabu, leo udi umezidi. Wateja watadhani kuna msiba."

"Mmakonde we, afadhali udi unanukia. Korosho zako zimeungua."

Ijumaa ukienda kusali, yeye anakaa dukani. Jumapili akienda kanisani, wewe unamuuzia korosho. Unauza kidogo, nyingi unakula.

Halafu vikaja vile vipeperushi. Karatasi za matusi, nyingine zimetupwa mlangoni mwa kanisa, nyingine mlangoni mwa msikiti, na kila upande unaapa ni wale wengine. Kwenye mkutano ukasimama ukasema, "Anayetaka nimtukane jirani yangu ndo anipe kura, kura yake abaki nayo." Wa kwetu wenyewe wakanuna.

Ijumaa ile vurugu zilipoanza ndo ulikuwa unarudi kusali. Ulimsukumia Dada Evarista ndani, ukashusha mlango wa chuma, ukapiga kufuli kwa nje. Kariakoo nzima inajua, duka lenye kufuli nje halina mtu. Ukabaki umesimama hapo mlangoni. Polisi walipofika wakamkuta diwani wa upinzani katikati ya fujo, wakakupakia kwenye gari. Ufunguo ukaenda nao, mfukoni mwa kanzu.

Kufuli tulikuja kulikata saa kumi na moja jioni. Dada Evarista akatoka analia, anakohoa kwa moshi wa mabomu ya machozi, na watu wameshanyanyua simu. Video ikakatwa kabla hajasema neno. Ikazunguka kwenye magrupu yote: diwani Mwarabu kamfungia mama wa Kikristo achomwe.

Wakakushtaki kuchochea fujo, ukakaa mahabusu miezi saba. Kila baada ya wiki mbili tunaenda mahakamani, kila baada ya wiki mbili tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Shahidi hata mmoja hakuitwa. Dada Evarista alienda kituoni mara nne aandikishe maelezo, mara nne akaambiwa, "Utaitwa, mama."

Wewe ukiletwa unatutania. "Mbona mmekonda? Aliyefungwa nani, mimi au nyie?" Mwanao Yasser akakwambia wapelelezi bado hawajamaliza, ukamjibu, "Waambie waje dukani, chai ipo." Lakini miguu ilishavimba, Baba, sukari ilishapanda, viatu ukawa huvai tena. Tuliona, na sisi tukacheka na wewe. Hilo linatuuma mpaka leo.

Ulipofariki, kesi ikafutwa. Dakika moja tu. Mshtakiwa hayupo, faili likafungwa. Hukuambiwa una hatia, hukuambiwa huna.

Makaburini sheikh akauliza, kama ilivyo kawaida, mnamjuaje marehemu? Safu za mbele zikajibu, "Mtu mwema." Za nyuma kimya. Ule ukimya tuliusikia wote. Na aliyekuwa anajua kuliko wote ni mwanamke, tena Mkristo, kabaki nyumbani na kina mama anakuna nazi.

Juzi tunapanga hitma yako ya mwaka, Dada Evarista akamwambia Mama anataka kusema mbele za watu. Ami Twaha, mdogo wako, akaruka.

"Shemeji, Mkristo asimame kwenye hitma ya kaka yangu? Watu watasemaje?"

Mama hata hakuacha kupima. "Walionyamaza makaburini walikuwa Waislamu, tena wanaume. Walikufaa nini, Twaha?"

Baadaye sana ndo Ami akauliza, "Sasa kiti chake tunakiweka wapi?"

Hitma ni Ijumaa hii baada ya sala, mbele ya duka. Mtaa mzima, wa msikitini na wa kanisani, karibuni. Kabla ya kisomo, Dada Evarista atasema. Kwa ambaye hatafika, katuambia tuandike hivi, tusipunguze kitu:

"Muhiddin alinificha. Mle ndani giza, mawe yanapiga mlango. Nikasikia vijana wanamuuliza, yuko wapi yule mama wa korosho? Akasema, wallahi humu hamna mtu. Mtu katoka kusali saa hiyohiyo, maji ya udhu hayajamkauka, akaapa uongo kwa ajili yangu. Mimi nimekumbatia jora la kitambaa, nimeling'ata nisipige kelele. Mngeniita mahakamani ningesema hayo. Sikuitwa, ndo nasema hapa."

Wanaokulilia na kukuombea: mkeo Amna, wanao Yasser, Lujain na Samah, mdogo wako Twaha, na Dada Evarista, aliyeomba jina lake liandikwe pamoja na ndugu, tukamwambia mbona lilikuwepo.

Hutasahaulika kwetu, Baba, siku zote tutakazoishi.